Baada ya Udi

Mama wa yule kijana alinipigia simu mchana, sauti yake chini kama mtu anayezungumza kutoka ndani ya kabati. Hakunisalimu sawasawa. "Dada, njoo umkague mgonjwa," akasema. "Njoo leo. Usije kesho." Kisha akakata.

Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali moja hapa Maskati. Wasioijua kazi yetu hudhani tunatafutia watu misaada na viti vya magurudumu, na hayo pia tunayafanya. Lakini siku zangu nyingi huishia kando ya vitanda vya watu waliojaribu kujitoa roho. Nakaa nao, nazungumza nao, na wakinyamaza nanyamaza nao, mpaka mmoja aniambie ana hamu ya chai. Hapo moyo wangu hutulia.

Kijana huyu nilikaa naye wiki iliyotangulia. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, anafanya kazi ya kompyuta ofisini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kabisa, cha kufundishwa na bibi yake, ingawa Unguja kwenyewe hajapata kufika. Siku za mwanzo aliniambia habari za kazi, za joto, za chakula kibaya cha hospitali. Halafu siku moja akaniambia lililomleta.

"Nampenda mtu," akasema, "na ni mwanamume kama mie."

Hakujipa jina. Majina tuliyo nayo kwa watu kama yeye ni matusi matupu, na mimi sikutaka kumwongezea. Nilimwambia kwamba kupenda kwake si maradhi. Maradhi ni ile huzuni iliyomwonyesha kwamba kaburi ni afadhali, na huzuni ina dawa. Nilimwambia pia kwamba maneno yake yatabaki kwangu, kwa sababu nchi hii ina sheria zake, na neno kama hilo likitamkwa mbele ya mtu asiyefaa laweza kumfikisha mtu polisi. Akasema hajamwambia mtu mwengine. Hakujua, na mimi sikujua bado, kwamba simu yake imekwisha kusomwa na ami yake, ndugu wa marehemu baba yake, siku ile ile alipoletwa kwetu.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani niliwaeleza jamaa zake kama tunavyowaeleza wote: asiachwe peke yake, mkae naye, awe na mtu wa kuzungumza naye. Ami alisikiliza kwa adabu zote. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Basi mchana ule, baada ya simu ya mama, nilitoka kwangu Sib nikaenda kwao Bawshar. Nilipofika nje ya nyumba yao nikaona gari kubwa limesimama mlangoni, injini inanguruma, ndani hamna mtu. Binamu mmoja wa kijana alikuwa anasukuma katoni za maji nyuma ya viti. Alinisalimu bila kunitazama.

Mama akanipokea. Mkono wake ulikuwa baridi, na jua lile la nje lilikuwa la kukaangia samaki. Tukapita ujiani kwenda sebuleni, na hapo nikakiona chumba cha kijana. Mlango wake ulikuwa umeng'olewa, zimebaki bawaba tu, na kizingitini pamewekwa kiti.

"Tunamwangalia usiku na mchana," sauti ya ami ikasema nyuma yangu. "Kama ulivotuambia."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mtu unaambiwa kaa na mwanao, wewe unamlinda kama mwizi wa mbuzi! Nilimeza mate nikasema alhamdulillahi, kwa sababu katika nyumba ya watu hapana jengine la kusema.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," ami akasema, akanionyesha pa kukaa.

Kijana alikuwa amekwisha kukaa upande wa pili, kanzu safi, nywele zimekatwa, macho kwenye zulia. Nilimsalimu akaitika kama mtu aliye mbali. Binamu mwengine alikaa karibu naye, karibu mno, goti kwa goti. Mama akaleta halua na kahawa.

"Leo tunampeleka juu milimani," ami akaanza, bila haraka. "Kuna mtu mwema huko, anasomea wagonjwa. Huyu ana kitu kimemwingia. Atakaa huko mpaka kimtoke."

"Muda gani?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Na dawa zake?"

"Dawa zenu zinamlaza tu, ukhti."

"Basi awe na simu, nimpigie kumjulia hali."

"Simu ndiyo iliyomharibu," akasema, akanitazama moja kwa moja ili nijue kwamba anajua.

Mimi sina ugomvi na kisomo. Mama yangu alinisomea kila homa ya utotoni, na mpaka leo nikishikwa na hofu najisomea mwenyewe. Lakini nilipata kumpokea kijana aliyerudi kutoka kwa mtu mwema wa namna hiyo. Alikuja na mgongo uliovimba, na alipoitwa kwa jina lake hakugeuka. Niliomba nizungumze na huyu wangu faragha, dakika chache tu. Ami akatabasamu, akasema hapa hapana siri, sote damu moja.

Nilikuwa nimefungwa mdomo. Nikisema kwamba kijana hana kitu kilichomwingia, nitaulizwa basi ana nini, na jibu lake si langu kulitoa. Nikitishia kuita wakubwa, nao watauliza kisa ni nini. Nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi: mimi ni mgeni, na mwenye nyumba hawezi kuondoka mgeni wake akiwa amekaa. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Njia ya milimani hakuna apendaye kuipanda gizani.

Basi nikanywa kahawa. Kwetu hapa mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe kabla ya kukirudisha, mimi sikukitikisa. Mama akamimina, nikanywa, akamimina tena. Nikazungumza juu ya usingizi, na vyakula, na matembezi ya asubuhi, kila neno nikimwelekezea kijana.

"Shemegi," ami akamwambia mama, "leta udi."

Katika nyumba zetu udi ni heshima, na pia ni ruhusa. Waarabu wana msemo wao kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Mama akaleta chetezo, nikajifukiza ushungi, nikajifukiza mikono, nikashukuru. Wote wakangoja niinuke. Binamu alikwisha kumshika kijana kiwiko.

Sikuinuka. Nilijiweka vizuri kwenye mto, nikamuuliza ami habari za jamaa zake wa Unguja, mmoja mmoja. Mama yangu angeniona angezimia. Katika umri wangu wote sijapata kufanya utovu wa adabu kama ule, na nilihisi uso unaniwaka kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Udi umeshapita, ukhti," ami akasema taratibu.

"Nimeunusa. Udi mzuri."

Nje, injini iliendelea kunguruma.

"Shemegi, mpitishie mgeni udi tena."

Mama alisimama katikati ya sebule, chetezo mkononi, moshi ukimpanda usoni. Alimtazama shemeji yake, akanitazama mimi, kisha akageuka akaenda jikoni. Tukasikia maji yanamwagika na makaa yanalia. Alipotoka alikuwa amebeba sinia la wali.

"Mgeni hajala," akasema.

"Sie tunaondoka."

"Ondokeni. Mwanangu anakula na mgeni."

"Shemegi!"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ni ami." Sinia hakuliweka chini mpaka binamu alipouachia mkono wa kijana na kumpisha.

Ami aliinuka. Aliinyoosha kanzu yake, akaniaga vizuri kabisa. "Nitarudi kesho asubuhi," akasema, "na sitomkuta mgeni." Angefoka ningepata nafuu. Gari likaondoka naye na binamu wote wawili.

Nikamgeukia kijana. Kuna swali tunalofundishwa kuliuliza waziwazi, bila kulipamba, kwa sababu kuliuliza hakumpi mtu wazo ambalo hana. "Unafikiria kujiua?"

"Astaghfirullah," mama akasema.

"Leo, ndiyo," kijana akajibu.

"Kwa ajili ya huko milimani?"

Akatikisa kichwa kukataa. "Ami namjua. Ila aliyenifungia nguo za safari ni mama."

Mama alikuwa anapakua wali. Akaweka kijiko. "Nilidhani…" akasema, akasita. "Nilisema usije ukakosa nguo safi, mwanangu."

"Najua, mama."

Alilisema kwa upole, bila kinyongo hata chembe. Mchana kutwa nilikuwa nimemwogopa ami, lakini upole ule ulinitisha zaidi, maana nimepata kuusikia kwa watu waliokwisha kuaga moyoni. Sikungoja chakula. Nilimpigia daktari wetu pale pale, mbele yao, nikamwambia namleta mtu sasa hivi. Kisha nikamweleza kijana kila kitu: tunakwenda wapi, atamwona nani, kwamba nitakaa naye mpaka apate kitanda, na kwamba atakalosema huko atalichagua mwenyewe.

Akaenda kuvaa viatu. Mama alisimama akimfuata kwa macho, ushungi wake mkononi.

"Na mie nije?" akauliza.

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye. Kijana alimaliza kuvaa viatu vyake, kisha akamsogezea mama yake vyake.