Mstari Ambao Mama Awino Hakuusoma

Siku yangu ya kwanza kama mwalimu wa ngumbaru, yaani elimu ya watu wazima, nilikabidhiwa boksi la chaki, ubao uliopasuka na vijitabu vya hadithi za Wagiriki wa kale. Darasa lilikuwa ukumbi wa shamba moja la majani chai karibu na Kericho. Wachumaji walifika saa tisa, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, na mvua ikipiga mabati hata ikanibidi nipaze sauti.

Kila hadithi ilimalizika kwa funzo: mstari mmoja wa herufi nzito chini ya ukurasa. Msimamizi wa Elimu aliniambia, "Wakikariri funzo, wamesoma." Nikawakaririsha. Tulipofikia upepo na jua walioshindana kumvua msafiri koti, mzee mmoja alisema msafiri huyo si mtu wa Kericho; wa hapa angejua mvua iko njiani.

Mama Awino, aliyetoka upande wa ziwa, alikuwa mwanafunzi wangu bora. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi, na mchumaji bila mkono hana kazi. Ikatokea nafasi katika kituo cha kulelea watoto wa wachumaji, kwa mtu anayejua kusoma. Afisa wa Maslahi ya Wafanyakazi akaja kumpima mbele yangu. Mimi pia nilikuwa wa muda tu, nikingoja barua ya kuajiriwa, ambayo neno la afisa huyo lingeweza kuizuia.

Afisa alimpa hadithi ya sisimizi aliyeweka akiba, na panzi aliyeimba msimu mzima, kisha akaja kuomba chakula akafukuzwa, akaambiwa akacheze ngoma. Funzo lake: mvivu asiombe. Mama Awino alisoma bila kukwama, akafika chini ya ukurasa, akamrudishia afisa kijitabu.

"Mama, umebakisha mstari," afisa akasema.

"Nimeuona. Sikubaliani nao."

"Kwa nini?"

"Huko shambani, anayeimba ndiye hutufikisha jioni. Akija kwangu na njaa, nimwambie akacheze?"

"Kwa hivyo watoto utawafunza uvivu."

"Nitawafunza kazi, bwana. Lakini watakula kwanza."

Afisa akanigeukia. "Mwalimu, ni wewe ulimfunza hivi?"

"Hapana, bwana," nikajibu haraka. "Hayo ni yake mwenyewe."

Akafunga kijitabu polepole. "Basi huyu anasoma kweli." Akamwandika kazi siku hiyo, na mimi akanipa mkono.

Barua yangu ilifuata. Nilifundisha Kedowa, kisha Silibwet, mwisho Sigor, na kote niliwauliza wanafunzi wangefanya nini wao wenyewe kabla ya kuwaonyesha funzo. Ubishi uliongezeka, na mahudhurio pia.

Katika sherehe ya kustaafu kwangu, msimamizi mmoja alisimulia habari za Mama Awino na lile jibu nililompa afisa, akasema mimi ndiye mwalimu aliyewaachia wanafunzi akili zao. Watu wakapiga makofi. Nikainuka kuwashukuru. Ninyi vijana mnaoshika chaki sasa, jueni kwamba siku ile mbele ya afisa sikuwa namsifu. Nilikuwa namkana.