Kicheko Kilichotangulia

Naanza kwa kutenganisha niliyoyaona na niliyoambiwa, kwa sababu miaka yangu ya ukarani wa mahakama ilinifunza kwamba mambo hayo mawili yakishachanganyika, ni vigumu mno kuyatenga tena.

Nilichokiona ni hiki. Jumapili moja alasiri niliingia katika banda la video lililokuwa upande wa Silanga, Kibera, nikaketi kwenye benchi la nyuma kabisa kando ya mke wangu, nikatazama katuni ya shujaa arukaye angani. Nilikaa hadi mwisho. Nilikaa kimya, au ndivyo nilivyosimulia kila nilipoulizwa.

Niliyoambiwa ni mengi zaidi. Niliambiwa kwamba humo bandani benchi liliwahi kuvunjika kwa vicheko, na kwamba mwanamke mjamzito alitolewa nje akicheka ili asije akajifungulia humo humo. Niliambiwa kwamba mke wangu ndiye aliyekuwa akiwatangulia wote kucheka, hata wakambandika jina la Refarii, kwa kuwa mchezo haukuanza kabla yeye hajapuliza. Haya nilielezwa na majirani wakati wa matanga yake, na matangani watu husema mengi ya kumpendeza mfiwa. Niliyasikiliza kwa heshima, nikashukuru, wala sikuyaweka popote.

Sasa naishi Nyayo Highrise, orofa ya nne, kwa binti yangu. Dirisha langu linatazama mapaa ya mabati tulikokaa tangu tulipotoka mkoa wa Magharibi tukiwa vijana. Ukutani zipo picha saba za mke wangu. Katika zote amefunga mdomo. Nilikuwa nikishikilia kwamba picha ni jambo rasmi. Ninayo cherehani yake, ninao mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ninacho kitambaa cheupe alichojifunga kichwani kila Jumapili. Sauti yake sina. Nilidhani hakuna aliyefikiria kuinasa, na mimi ndiye niliyekaa naye kwa muda mrefu kuliko watu wote.

Mwaka wa kwanza baada ya kumzika, niliweza kukiita kicheko chake kikaja. Mwaka wa pili kilikuja nusu. Mwaka wa tatu nilikiita, na kilichokuja kilikuwa kicheko cha dada yake, ambaye yu hai na hucheka kupitia puani. Nilishtuka nikakaa kitandani. Nilikuwa nimekwisha kuizoea nyumba isiyo na mke. Sikuwa nimejiandaa kumpoteza mara ya pili, kipande kwa kipande, ndani ya kichwa changu mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo nilipeleka suruali yangu Soko la Toi ikunjwe pindo. Fundi ni mama aliyeshona bega kwa bega na mke wangu katika kibanda kimoja, na ambaye Jumapili alikuwa akitoka naye kanisani na kuingia naye bandani.

"Mzee, mbona umekauka hivyo?" akaniuliza, pini zikiwa mdomoni. "Unakula kweli?"

"Nakula."

"Unakula nini, magazeti?"

Sina desturi ya kusimulia mambo ya moyoni sokoni. Siku hiyo nilimsimulia. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Lakini sauti yake si iko kwa ile diski ya katuni! Dijei alikuwa anaturekodi sisi wote. Mimi nilijisikia nikikohoa humo ndani."

"Ulijisikia wewe mwenyewe, au uliambiwa?"

"Aki wewe mzee! Hata kikohozi changu unataka nikiletee shahidi?"

Inafaa nieleze utaratibu wa dijei huyo, maana bila huo maneno ya fundi hayana maana. Katuni yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, iliyotengenezwa kabla ya binti yangu kuzaliwa. Shujaa alikuwa mwuza viatu mnene aliyejaliwa nguvu za kuruka, ila aliogopa kimo, kwa hiyo aliruka akiwa amefumba macho. Dijei aliizima sauti ya katuni, akashika maiki, akasema ya kwake. Mwuza viatu akawa mtu wa Kibera anayemkimbia mama mkwe. Akianguka juu ya paa la duka, tuliambiwa ameangukia marundo ya mitumba ya Toi. Joho lake likikwama penye mlingoti, lilikuwa limenaswa na nyaya za stima za jirani. Alipotumbukia ziwani, ziwa hilo lilikuwa bwawa letu la hapo chini, na alitoka na magugu kichwani akilalamikia harufu.

Madijei wengine hurekodi maneno yao chumbani, peke yao. Huyu hakuweza. Alisema hajui kuzungumza na ukuta. Alirekodi Jumapili mbele ya hadhara, akisimama nyuma karibu na mlango, kwa sababu soketi ya pekee ilikuwa hapo. Yote yaliyotokea bandani yaliingia: vikohozi, vitoto vikilia, mwuza njugu akinadi, watu wakimwonya shujaa na kumtukana. Diski ikishauzwa, watu walikaa nyumbani wakajisikiliza wakicheka.

Matokeo yake niliyashuhudia. Binti yangu, akiwa kidato cha pili, aliikuta katuni hiyo hiyo katika televisheni ya jirani, ikiwa na sauti yake ya asili. Alirudi nyumbani amenuna. "Baba, wametuletea feki," aliniambia. "Haina watu ndani." Nilimrekebisha kwa maelezo marefu kuhusu kipi ni asili na kipi ni nakala. Alinisikiliza kwa adabu, na hakubadili msimamo.

Nilianza kumtafuta dijei. Barabara mpya ilikuwa imepitishwa pale na banda halipo. Niliambiwa amekufa. Niliambiwa yuko Uarabuni. Niliambiwa ameokoka, anahubiri Kitale. Kila aliyeniambia aliapa. Niliendelea kuuliza kwa wauza filamu, duka moja baada ya jingine, mpaka Jumanne moja asubuhi nikamwona kwa macho yangu Kawangware, mzima, ameketi nyuma ya kompyuta, anakula mahindi ya kuchemsha.

Duka lake ni chumba kimoja katika ploti ya mama mmoja mwenyeji wa hapo, kati ya saluni na mwuza makaa. Hauzi diski tena. Watu huja na flashi naye huwajazia filamu.

"Niaje, mzee wangu! Karibu. Unataka ya vita ama ya mapenzi?"

"Ya katuni," nikasema. "Shujaa anayeruka amefumba macho. Ile uliyorekodi Silanga."

Aliacha kutafuna. "Hebu geuka kidogo. Aii! Wewe ni Jaji! Jaji wa benchi ya nyuma! Siku hiyo mzee nilishika maiki nikitetemeka, nikajua leo nafungwa."

"Sikuwa jaji. Nilikuwa karani."

"Lakini uso ulikuwa wa jaji. Na mathe, mke wako, je, yuko?"

Nilimwambia hayuko, na tangu lini. Alivua kofia akaiweka juu ya kibodi.

"Pole, mzee. Pole sana." Kisha: "Sasa unataka diski, ama unamtaka mathe?"

Alivuta katoni kutoka chini ya meza. Mvua ilikuwa imeingia humo wakati fulani. Diski nyingi zilikuwa zimegandamana kama chapati. Alizitenganisha kwa ukucha, akazipangusa kwa shati lake, akazijaribu. Sita zilikataa kabisa. Ya saba ilikwaruza, ikasimama, ikafikiri, ikaanza.

Niliitambua Jumapili ile mara moja, kwa kuwa mwanzoni dijei alisikika akitania: "Leo tuko na mgeni wa tai, watu wa nyuma kaeni vizuri." Tai ilikuwa yangu. Nilivuta kiti hadi kwenye spika.

Sikutazamia kwamba tutapata hadhira. Mwenye saluni alisikia vicheko, akaja na kitana mkononi, amemwacha mteja na kichwa nusu. Mama mwenye ploti alikuwa akipita na kiondo, akasimama mlangoni. Mwuza makaa akaegemea fremu ya mlango. Hakuna aliyekuwa ameiona katuni hiyo kabla, na dakika tatu baadaye wote walikuwa wamo.

"Fungua macho, wewe mjinga!" mama mwenye ploti alimkaripia shujaa. "Utaua watoto wa wenyewe!"

"Akifungua, cucu, ataona mama mkwe," dijei akamjibu bibi huyo.

"Na hiyo tumbo inapaa vipi?" akauliza mwuza makaa. "Hata ndege ya mizigo hukaguliwa!"

Mwenye saluni alicheka akapiga mlango kwa kitana. Chini ya kelele zao, mbali, kama watu walio katika chumba cha pili, niliwasikia watu wa Silanga wakicheka penye mambo yale yale. Mwuza njugu alipita. Mtu alikohoa, na huenda alikuwa fundi wangu. Kisha shujaa akapanda juu ya paa lililo juu ya maji, akanyoosha mikono, na nikajua tumefika, kwa sababu hapo ndipo nakumbuka bega la mke wangu likitikisika dhidi ya langu. Wale wa mlangoni walikuwa wakipigiana makelele kama ataanguka au hataanguka. Sikusikia kitu.

"Nyamazeni!" nikasema. "Nyamazeni, nawaomba!"

Walinyamaza. Nadhani waliogopa.

Katika ukimya huo, kabla shujaa hajainua mguu, kabla dijei hajasema neno, mwanamke mmoja alicheka peke yake. Kwanza alivuta pumzi, kama mtu aingiaye katika maji baridi, kisha kicheko kikapanda ngazi tatu, kikakatika juu, kikaanza upya chini. Mwili wangu wote ulimjua. Hata hivyo nilijizuia. Nilijiambia kwamba kicheko si saini, wala si alama ya kidole. Kwamba bandani walikuwamo wanawake wengi. Kwamba mtu anayetamani kusikia kitu hukisikia.

Ndipo spika ikatoa sauti ya mwanamume, ya chini, kavu, iliyo karibu sana na maiki.

"Mama, nyamaza. Watu wanakutazama."

Dijei aliinamia kibodi. Mwenye saluni alinigeukia, maana alikuwa ameisikia sauti hiyo hiyo, kwa mkazo huo huo, nusu dakika iliyotangulia. Hakuhitajika shahidi mwingine. Mwanamke aliyecheka alikuwa mke wangu, na uthibitisho wake ni mimi nikimzuia.

Jambo hilo sikulikumbuka. Nimetafuta katika kumbukumbu zangu kwa uaminifu wote nilio nao, na silioni. Ningeitwa kizimbani ningeapa kwamba sikufungua mdomo Jumapili ile, na ningekuwa nimeapa uongo.

Shujaa alianguka bwawani. Banda zima lililipuka. Nilisikiliza diski hadi mwisho, nikiwa nimeweka sikio kwenye spika, na watu wa Silanga walicheka mara nyingi sana. Hakuna kicheko kilichowatangulia tena.

Dijei aliitoa diski taratibu, akaishika kwa ncha za vidole.

"Jumapili iliyofuata alirudi, mzee," alisema bila kunitazama. "Na zile zingine zote. Alikuwa anacheka mpaka nasimamisha mashini nimngoje. Wewe tu ndio hukurudi."

"Zimerekodiwa?"

Alionyesha kwa kidevu zile diski sita zilizokataa.

Hayo, basi, nimeambiwa. Yamesemwa na mtu aliyenihurumia, bila kiapo, bila kielelezo, kuhusu siku ambazo sikuwapo. Majirani walisema vivyo hivyo matangani, nami sikuyaweka popote. Sasa nayabeba kila mahali. Nayachukua nikiamka, nayatazama dirishani juu ya mabati ya Kibera, natafuta njia ya kuyakubali. Katika maisha yangu yote sijatamani maneno ya kuambiwa yawe kweli kama ninavyoyatamani haya: kwamba Jumapili iliyofuata alijifunga kitambaa chake cheupe, akaenda bila mimi, akaketi penye benchi lile lile, akacheka kwanza. Sikuwapo. Siwezi kuyatolea ushahidi.

Ninayoweza kuyatolea ushahidi ni haya. Nilimwomba dijei airudishe diski na kuanzia juu ya paa. Kicheko cha mke wangu, tangu kuvuta pumzi hadi sauti yangu inapoingia, kinachukua sekunde nne. Nilikipima kwa saa yangu ya mkono. Mara hii waliokuwa mlangoni walijua kwamba shujaa ataanguka, kwa hiyo walianza kucheka mapema, wote watatu, mama mwenye ploti akiwaongoza, wakakifunika kile cha kwenye diski karibu chote. Sikumnyamazisha mtu.