Zamu ya Kutembea na Mama

Juzi nilipeleka gari kwa fundi mmoja mtaa wa Nateete, na nilipokuwa nikimsubiri nikajikuta kwenye kambi ya polisi tulikokulia. Vile vijumba vya mabati vimebomolewa. Nikasimama pale, rafiki yangu, nikaukumbuka mwaka ambao Mama hakuweza kutulia.

Mdogo wetu alikuwa amefariki akiwa na miezi mitatu. Baada ya matanga, Mama akaanza kutembea. Maharagwe yanaungua jikoni, yeye yuko njiani kuelekea mlima wa Lubaga, midomo inacheza bila sauti. Baba, askari aliyezoea kutoa amri, aliona haya. Akanunua kufuli.

Nyanya alifika kutoka kaskazini na mfuko wa mbegu za simsim, akaliona lile kufuli.

"Ukimfungia," akamwambia Baba, "atatembea humo humo kichwani. Na huko nani atamfuata?"

Akatupangia zamu za kutembea na Mama: asubuhi yeye mwenyewe, jioni mimi au dada yangu. Alimpeleka kliniki pia, na kabla ya kila kidonge alimnywesha uji wa mtama uliotiwa simsim ya kusaga, hata nyumba nzima ikanukia. Kwao, alisema, aliyefiwa haachwi peke yake.

Mimi niliichukia zamu yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Jioni moja niliwaona wenzangu wa shule wakija, nikauachia mkono wa Mama, nikajifanya nanunua muhogo wa kukaanga. Nilipogeuka, hayupo.

Nilizunguka soko zima nikilia. Nikamkuta kwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani zamani. Alikuwa amemkalisha mkekani, amemfunika mabega kwa leso, na Mama ameshika kikombe cha chai ya tangawizi. Nikangoja kugombezwa.

"Mwanangu," akasema, "ukichoka, mlete hapa. Mimi nipo."

Tangu siku hiyo tukawa tunapumzika kwake. Miezi ikapita. Jioni moja, kabla hatujaanza kupanda mlima, Mama akasimama.

"Miguu inaniuma," akasema. "Turudi."

Nikatimka kwenda kumwambia Nyanya, kisha nikakumbuka nimemwacha peke yake, nikarudi mbio nikihema. Mama akacheka. Hakupona siku hiyo, wala mwezi huo, lakini alipona, akaja kugombana nasi juu ya kila kitu, kama mama yeyote.

Nyanya na yule mama wa duka wametangulia. Mimi naishi Ntinda, nyuma ya geti, na jirani yangu namjua kwa honi ya gari lake tu. Tangu ndoa yangu ivunjike situlii. Nazunguka sebule kutoka ukuta hadi ukuta. Daktari ananisaidia, sikatai. Lakini hakuna aliyepangiwa zamu ya kutembea nami.

Pale kambini nilitaka kumpigia dada yangu simu. Nikaona haya, kama Baba. Leo asubuhi nimempigia, nikamweleza yote.

"Kwa nini hukusema?" akauliza, na kabla sijajibu nikamsikia akitafuta viatu.