Upanga Niliokatia Migomba

Tajiri wangu wa kwanza alikuwa Kalasinga mwenye kiwanda cha mbao mjini Embu. Mimi nilikuwa karani wake, kijana wa kidato cha nne aliyejua kila kitu. Alipofunga kiwanda na kuhamia Uingereza, aliniachia upanga.

Ulikuwa wa babu wa babu yake, askari wa Punjab, India, aliyepigana na Waingereza walipokuja kuinyakua nchi yao. Sasa kilembwe anawafuata kwao na koti la baridi mkononi. Sikucheka, nilikuwa bado na adabu. Kila Jumapili aliuteremsha ukutani, akaupaka mafuta, na ole wake mtu ambaye angeuruka ukiwa chini.

"Nitunzie," aliniambia. "Kwenye ndege hawataniruhusu nao. Mtu wangu atakuja kuuchukua."

Niliutunza kwa uaminifu mkubwa, miaka mitatu mizima. Kisha nikaenda Mitunguu kulima ndizi, nikaona ni dhambi chuma kizuri hivyo kulala chini ya kitanda. Fundi wa sokoni akaukata, akautia mpini wa mti. Basi upanga uliopambana na majeshi ukaanzisha vita na migomba na majani ya ng'ombe, na huko haukushindwa hata siku moja. Majirani waliuazima. Nilijisifu.

Mwaka jana mjukuu wa tajiri wangu, mama aliyeolewa Nairobi, alinipigia simu. Huko Punjab kuna jumba la makumbusho la askari wao waliopigana na wakoloni, na nafasi ya upanga wa yule askari ilikuwa imeshatengwa.

"Bado uko nao, mzee?"

"Upo salama kabisa, mama."

Alikuja Jumamosi na kasha refu lililotandikwa kitambaa chekundu. Urefu wake peke yake ulinitoa jasho.

"Unajua, mama, hapa kwetu kuna wezi," nilianza.

Mke wangu aliacha kumimina chai. "Wezi gani, mzee? Walikuja lini, mimi nikiwa wapi?"

Nikaenda zizini, nikarudi na panga langu, jeusi kwa utomvu, nikaliweka mezani. Nikasema yote. Mgeni akalitazama pale lilipokatwa.

"Na ncha yake?"

Mke wangu akaingia jikoni, akatoka na kisu chenye ganda la ndizi. "Fundi alitutengenezea hiki kwa hiyo ncha. Chukua tu, mwanangu. Mimi nitamenya ndizi kwa meno."

Nikajitolea kuvipiga msasa ving'are. Baada ya miaka hamsini, ndipo nikakumbuka kusafisha!

"Usiguse, mzee."

Alivilaza kwenye kasha kimoja baada ya kingine, mpini huku, ncha kule. Katikati pakabaki pengo la kama shubiri moja. Akaliwekea kiganja.

"Babu alisema jina la askari lilichongwa hapa. Unalikumbuka?"

Nilikumbuka kwamba kulikuwa na maandishi. Kuyasoma sikuweza, na kuuliza sikuwahi. Ningeweza kumsingizia fundi, maana alishakufa. Lakini yule alitaka kukiacha kwenye panga kipande hicho chenye maandishi. Mimi ndiye niliyemwambia akikate akitupe, maandishi yasije yakashika uchafu.

Nikamwambia hivyo hivyo. Akafunga kasha.