Chumba cha Juu ya Kisima

Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele na mapya bado hayajaota nilipokatazwa kuruka kamba kwenye pembe moja ya ua wetu, pale Kibokoni. Chini ya pembe ile palikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa kwa mawe tangu babangu hajazaliwa. Nyanya alisema kisima kile kina mwenyewe, na mwenyewe hapendi uzito. "Musimkanyage kichwani," alituambia, na kila Alhamisi jioni alifukiza ubani hapo. Sisi watoto tulipita tukinyata.

Ami Faridi, mdogo wake baba, alikuwa mtu mwema mwenye haraka zake. Alimwonea huruma mamake kwa kupanda ngazi na magoti mabovu, akaamua kumjengea chumba pembeni pale. Akafunua kisima, akakijaza kifusi, mawe makubwa kwa madogo na vipande vya mbao, akamwaga zege juu. Wiki mbili tu, chumba tayari. Nyanya akagoma katakata kuhamia.

"Mama, jini gani huyo?" ami akasema. "Hebu Maryamu alale humo mchana mmoja, tuone kama ataliwa."

Maryamu ndiye mimi. Loo, nilivyovimba kichwa! Baada ya chakula nikatandika mkeka, nikalala sikio likiwa sakafuni. Nikasikia. Chini kabisa, kama mchele unaomiminwa kwenye gunia: unamiminika, unakatika, unaanza tena. Mwili ulinisisimka. Nilitaka kukimbia, lakini binamu zangu walikuwa mlangoni wakinichungulia, tayari kunicheka.

Nilipotoka, nyanya akanishika mkono. "Umesikia chochote, mwanangu?"

"La, nyanya. Nimelala fofofo."

Siku ile ile akakubali kitanda chake kihamishwe.

Siku ya tisa, baada ya swala ya alasiri, sakafu ilipasuka ikazama upande mmoja, kitanda kikaenda nayo, nyanya akiwa juu yake. Nyanya alivunjika nyonga. Hakutembea tena.

Leo kazi yangu ni udongo. Wenye kujenga huniita kabla ya msingi, na nikikuta ardhi laini au shimo la kale, naamuru kifusi kitolewe chote, udongo urudishwe tabaka kwa tabaka, uchanganywe na saruji, na kila tabaka lishindiliwe mpaka ligome kushuka zaidi. Najua nilichosikia siku ile: mchanga ukiporomoka katikati ya mawe ambayo hakuna aliyeyashindilia. Najua vizuri, na bado nywele hunisimama kila nikisimama juu ya ardhi iliyojazwa. Juzi, huko Kuze, mwenye nyumba alichoka kungoja.

"Injinia, kwani wewe waogopa mashetani?"

"Naam, naogopa," nikamjibu, na mashine ikaendelea kushindilia.

Sikumweleza. Nyanya aliishi miaka mitatu kitandani, na mimi ndiye niliyemlisha uji. Wageni wakija kumjulia hali, huyu akimlaumu ami, yule akisema mwenyewe wa kisima amelipiza, nyanya aliwakatiza.

"Msimlaumu Faridi. Mimi nilimuuliza Maryamu, akaniambia hakusikia kitu. Na mtoto huyu hasemi uwongo."

Aliyasema hayo mbele yangu, tena kwa fahari. Roho iliniuma, nikainamisha kichwa, nikakoroga uji. Alifariki akiniamini hivyo, na mpaka anazikwa sikumwambia.