Vunja Karafuu Kwanza

Ipo asubuhi moja ya kule Vitongoji, Pemba, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huona haya. Nilikuwa bwana shamba mpya, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Bi Mize, mjane, alikuwa ameanika karafuu zake za msimu mzima juu ya majamvi. Nikafungua kitabu, nikahesabu siku nne, nikamwambia azitie magunia. Akanitii, maana mimi nimesoma.

Baada ya wiki mbili magunia yakafunguliwa: ukungu mtupu. Kwenye kituo cha ununuzi karafuu zikakataliwa. Bi Mize hakunitukana. Alikaa kitako akalia, nami nikatamani ardhi inimeze. Jirani yake, Mzee Khatib, akaniita kando.

"We mwana, ulivunja hata karafuu moja?"

"Sikuvunja, mzee. Kitabu kimesema siku nne."

"Siku nne za jua la wapi? Hapa mbili zilikuwa mawingu!"

Karafuu kavu ukiikunja huvunjika. Mbichi hupinda tu. Hata mtoto wa Pemba analijua hilo, na mimi nililijua. Kwa hasira nikataka kukitupa kitabu, mzee akanishika mkono. "Usikitupe. Kisome, kisha uvunje."

Sasa nije kwako. Barua yako ya kuomba kazi, uliyoandikiwa na akili mnemba kwenye simu, nimeisoma mara mbili. Imeandika vizuri kuliko mimi, sikatai. Lakini imesema uliongoza mradi wa mwani wa akina mama, na mimi najua ulibeba magunia tu. Jumatatu kwenye usaili wakikuuliza uliongozaje, utasema nini? Njia ya mwongo ni fupi.

Sisemi uiache hiyo akili mnemba. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Yule muuguzi jirani yetu huitumia kujisomea, fundi wa mafriji huiuliza asilolijua, na mwalimu huitumia kutayarisha masomo. Nawe jifunze, tena ujifunze vizuri, usije ukaachwa nyuma na wenzako. Ila kila ikikujibu, vunja kwanza: hili ni kweli? Naweza kulieleza mbele za watu, simu ikiwa mfukoni?

Basi kaa hapa, ufute mstari ule, uandike magunia yako. Kubeba si aibu. Mimi siku ile ningefurahi lau ningekuwa mbebaji. Mwenyezi Mungu akufungulie mlango wa riziki, na ukiingia, uingie na lililo lako.