Jina la Baba Mkwe

Nikisikia mtu anasema "asiye na hatia ana nini cha kuogopa," damu inanichemka mpaka leo. Maneno hayo niliyasikia kwanza kwenye uwanja wa shule ya kijiji chetu, huku Hanang, siku zile mkoa wetu mpya wa Manyara ulipokuwa bado unanukia rangi. Aliyeyasema alikuwa mtendaji wetu, mtu wa kuhamia kikazi kutoka pwani, mpole, Kiswahili chake kimenyooka. Wazee wetu walimpenda kwa Kiswahili hicho.

Biashara ilikuwa imefunguliwa, malori yamekuwa mengi kwenye barabara ya Singida, na lori moja lilikamatwa likiwa limeficha vijana wa Kihabeshi chini ya turubai. Basi! Ikawa hakuna habari nyingine. Mtendaji akaitisha mkutano tupitishe sheria ndogo: polisi na mgambo wakimtilia mtu shaka, popote, wamsimamishe na kumhoji uraia wake. Vitambulisho vya taifa hatukuwa navyo, si sisi wala yeye, kwa hiyo mtu angehojiwa kwa mdomo. Jina lako nani, umeolewa na nani, baba mkwe wako nani, balozi wa nyumba kumi nani. Akishindwa, ndani.

"Mtanzania gani asiyemjua baba mkwe wake?" akauliza, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilimtazama jirani yangu wa boma la chini, Mbarabaigi, amekaa nyuma na wanawake wenzake, sketi yake ya ngozi, mtoto mchanga mgongoni. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Si kwamba halijui. Hatamki, mzee akiwa hai au amekufa, na hata neno la kawaida linalofanana na jina hilo analiacha, anatafuta jingine. Ndiyo heshima yenyewe. Sisi Wairaqw tunaolima kando yao tunalijua jambo hilo tangu utoto. Uwanja mzima ulilijua, isipokuwa mtendaji.

Nikanyoosha mkono. "Shikamooni wazee. Naomba kuuliza. Mwanamke wa Kibarabaigi akiulizwa hilo, atajibu nini?"

"Atazoea!" akajibu mmoja.

"Mama, kaa chini, maharage yako yanaungua huko," akasema mwingine, vicheko tena. Mtendaji akanieleza, taratibu kama anayemfundisha mtoto, kwamba sheria haiwezi kufuata mila ya kila ukoo.

Ndipo nikachachamaa. Niliwaambia: ninyi mnaocheka, baba zenu walishuka kutoka Mbulu na majembe begani, wakawakuta watu hawa hapa na ng'ombe wao. Shamba ninalolima mimi, mzee wa Kibarabaigi ndiye aliyemwonyesha baba mkwe wangu, akamwambia lima hapa. Mzee huyo ndiye baba mkwe wa huyu mama aliyekaa nyuma! Mashamba makubwa ya ngano yalimeza malisho yao, mkanyamaza. Leo mnataka wathibitishe kwenu kwamba ni wa hapa? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Siku mtakaposimamishwa mjini kwa pua zenu hizo, mkaitwa Wasomali, msije kulia kwangu.

Wakapiga kura kwa mikono, na mikono ikawa mingi. Mume wangu naye akainua wake, juu kabisa, bila kunitazama. Nyumbani nikamuuliza kulikoni. Akasema hakutaka watu waseme nyumba yake inatetea wahamiaji haramu. Nikamwambia, sawa, leo mtendaji atakupikia.

Haukupita muda mrefu ikafika siku ya mnada. Jirani yangu alikuwa na mbuzi wa kuuza. Mume wake alikuwa mbali na ng'ombe, kwenye malisho. Akaniachia mtoto, maana jua la mnadani na vumbi lile si vya mtoto ambaye hajaanza hata kukaa. Akamnyonyesha mlangoni kwangu mpaka akashiba, akasema atarudi kabla hajaona njaa.

Mchana ukapita. Mtoto akaanza kulia. Nikampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akayatema yote kifuani kwangu. Nikambembeleza, nikamwimbia, wapi! Alitaka titi la mama yake. Mara akapita mwanamke anayetoka mnadani, akasema, "Jirani yako wamemshika njiani, yuko kituoni. Wanasema si raia, ameshindwa kujibu."

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda nusu natembea nusu nakimbia, na njia nzima mtoto analia.

Kilikuwa kituo kidogo cha polisi cha kando ya barabara, chumba kimoja na benchi. Mlangoni amesimama mgambo wa kijiji chetu hasa, mtu mzima mwenye watoto, ambaye msimu wa kulima hapiti boma lile bila kunywa maziwa.

"Wewe si unamjua huyu mama?" nikamuuliza.

"Namjua, dada. Lakini sheria inasema ajibu mwenyewe."

Ebo! Mtu amekunywa maziwa ya mwenzake miaka yote, leo anasubiri ajitambulishe.

Nikamgeukia askari. Nikamwambia, afande, andika. Nikamtajia jina la baba mkwe wa yule mama, na la baba wa mzee huyo, na la balozi, na mti ambao baba mkwe huyo alizikwa karibu nao. Mimi si mkwe wao, nina ruhusa. Nikamweleza na mila yenyewe, na kwamba mgambo wake analijua hilo vizuri kuliko mimi.

"Nakushukuru, mama," akasema. "Lakini lazima nisikie kutoka kwake. Nitajuaje kama mnasaidiana? Gari la kwenda mjini linakuja. Asipojibu anapanda, na mtoto hapandi."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hakumpiga, hakumtukana, alikuwa amempa maji ya kunywa.

Mtoto aliposikia sauti ya mama yake akazidi kulia. Khanga ya jirani yangu ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Akanyoosha mikono. Askari naye akanyoosha mkono wake, katikati yetu.

"Jibu hilo moja tu, mama, halafu unyonyeshe kwa nafasi yako."

Kwa upole! Alisema kwa upole!

Jirani yangu alinitazama, kama vile nilikuwa na jibu. Akageuka, akaelekea ukutani, akafunika mdomo kwa khanga, akalitamka.

"Sauti, mama," akasema askari. "Sijasikia vizuri."

Akalitamka tena, kwa sauti. Wanaume wawili wamesimama, na mimi, na mtoto.

"Umeona? Si ungesema tangu asubuhi?"

Nikampa mtoto wake. Alikaa pale pale sakafuni akamnyonyesha, hakumtazama mtu. Nilipopita mlangoni nilimwambia mgambo neno ambalo siwezi kuliandika hapa, na sijalijutia.

Wiki ile ile mtendaji alisimama kanisani baada ya ibada akasema sheria yetu inafanya kazi: mama mmoja alihojiwa, akajibu, akaachiwa salama, wala hakuna aliyeumia. Watu wakaitikia. Nilitoka nje kabla sijafanya dhambi.

Maana mimi ndiye niliyerudi naye kutoka kituoni jioni ile. Tulitembea, mtoto amelala. Tulipokaribia boma lake alisimama, akaniomba nisimwambie mtu yeyote wa ukoo wa mume wake. Nikaapa. Hatukujua kwamba mgambo alikuwa ametutangulia, na ameshasimulia.

Kisha akaniuliza, "Mtoto mdogo hivi, atakumbuka kwamba mimi ndiye niliyelitaja jina la babu yake?"

"Hapana," nikamwambia. "Hawezi kukumbuka."

"Na mimi je?" akasema, akaingia kwao.